Jitukono Lililofunzwa Adabu

Jitukono, mkono mkubwa wa chuma wenye vidole, liliinua kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba, likakipandisha taratibu juu ya majabali ya Singida, na hapakuwa na mkono wa mtu uliogusa chochote. Hapakuwa na usukani, wala kitufe, wala kamba. Chini kabisa, kwenye kibanda kilichojengwa kati ya miamba miwili, aliketi msichana mwembamba aliyevaa miwani, mikono ameikunja mapajani kama mgeni anayesubiri chai. Alikuwa anatazama tu. Akitazama kushoto, jitukono linakwenda kushoto. Akiinua macho, ule mzigo wote wa chuma na kioo unapanda. Jamani, acheni! Hata waliofanya kazi pale miaka nenda miaka rudi walikuwa bado wanasimama kuangalia, midomo wazi.

Msichana huyo ni Ramla Njiku, na kazi yake aliiita kwa fahari urubani wa jicho. Ndani ya miwani yake mlikuwa na kisoma-jicho, kidude kisichozidi punje ya mtama, kinachofuata mboni popote inapokwenda na kulipatia jitukono amri. Amri zenyewe zilikuwa chache. Unapotazama, ndipo mkono unapokwenda. Ukifumba macho kidogo kwa kukawia, vidole vinashika. Ukishusha macho mpaka ukingo wa chini wa miwani, vidole vinaachia.

Wakati huo Singida nzima ilikuwa inaendeshwa kwa macho. Mashine za kuvunia alizeti, kreni za stesheni, hata visu vya chumba cha upasuaji, vyote vilisubiri mtu atazame. Lakini kazi iliyotazamwa na nchi nzima ilikuwa hii ya Darubini Kuu, bakuli la vioo lililokuwa linaunganishwa juu ya majabali ili binadamu aone sayari zinazozunguka majua ya mbali. Bakuli lilikuwa limekaribia kujaa. Lilibaki pengo moja tu, na kioo chake Ramla alikuwa nacho hewani.

Hapo ndipo uso wa Mzee Hango ulipotokea ndani ya miwani yake.

Mzee Hango alikuwa mkuu wa uwanja, mtu mrefu mwenye sauti nzito, na alikuwa na desturi yake. Hakuna rubani aliyefanya kazi bila yeye kumjulia hali. Kwa kawaida aliwasalimia asubuhi, majitukono yakiwa bado matupu, na kwa sauti peke yake, sikioni. Wiki ile ndiyo kwanza walikuwa wamemwekea sura ndani ya miwani. Siku hiyo tairi lilimchelewesha njiani, akafika kazi imeshaanza, na mtu kama yeye hawezi kupitiliza bila salamu.

“Ramla binti yangu,” alisema, uso umejaa miwani. “Umeamkaje?”

“Shikamoo Mzee,” alijibu Ramla.

Na vidole vya jitukono vikaachia.

Kioo kilishuka kimya, kikapiga jabali, na mlio wake ulisikika mpaka ziwa Singidani, heroe wakaruka wote kwa pamoja. Ramla alivua miwani. Hakuelewa. Watu wote uwanjani waligeuka kumtazama, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

*

Aliyekiunda kisoma-jicho ni Mhandisi Eliwaza Ntandu, mzaliwa wa Kiomboi, mama asiyependa maneno mengi lakini mwenye kichwa kinachofanya kazi hata akiwa anachambua mchele. Ndiye aliyemchagua Ramla mwenyewe kati ya vijana waliojaa ukumbini siku ya usaili. Mchana ule aliketi mbele ya mchoro wa mwendo wa macho ya Ramla, chai imepoa pembeni, na hakuwa na raha hata chembe.

Macho ya binadamu hayatulii, na hilo Eliwaza alilijua kuliko mtu yeyote mjini. Hata ukidhani umeyatuliza, yanarukaruka kila mara, na mwenyewe huna habari. Kitu kikimetameta pembeni, jicho linataka kukikimbilia. Wapo wanaoweza kulizuia. Wapo ambao jicho limeshafika kabla hawajajua limeondoka. Wapo pia wanaolidaka katikati ya safari na kulirudisha. Na kila mtu ana namna yake, haibadiliki sana leo wala mwakani, kama mwandiko. Ndiyo maana alikuwa ametunga kipimo cha kinyume. Nuru inawaka kushoto, wewe unatakiwa utazame kulia. Inawaka kulia, utazame kushoto. Mtu akishindwashindwa sana, anaitwa mwenye macho mepesi, na mwenye macho mepesi hakalishwi kwenye kiti chochote cha macho, iwe shambani, stesheni au hospitali. Katika mji kama ule, jina hilo lilikuwa kama kufungiwa mlango mchana kweupe.

Sasa mkasa ndio huu. Kwenye kipimo hicho Ramla alikuwa wa kwanza. Si wa pili, wa kwanza! Waliwasha nuru, wakawasha nyingine, wakapitisha hadi picha ya nyoka, na macho yake hayakuyumba.

“Kipimo chako kimekosea,” Mzee Hango alimwambia Eliwaza jioni hiyo kwenye redio. “Yule binti ana macho mepesi. Ijumaa kamati ya Darubini inakaa, nami nitasema hivyo hivyo. Nina kioo kimoja kimebaki, mama. Kimoja! Ni kile cha akiba, ndicho kinakwenda kuziba pengo la hiki kilichovunjika. Kikivunjika tena, hatuna kingine.”

“Nipe mpaka Ijumaa, Mzee.”

“Chukua. Lakini utafute rubani mwingine.”

*

Asubuhi iliyofuata Ramla alimsubiri Eliwaza mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba, na haikuwa kwa usingizi.

“Mama, nimefanya mazoezi,” alisema. “Nimeona kwenye mchoro kwamba macho yangu yalishuka. Basi jana nikajikaza kisabuni, nikasema leo hayashuki, liwalo na liwe. Nimekaa sebuleni nikatazama mbele tu. Wadogo zangu wakanirukia, wakanichekesha, wakanipungia kanga usoni, sikushusha.”

“Vizuri. Sasa unalia nini?”

“Baba akaingia.” Ramla alisita, akafuta pua kwa ncha ya mtandio. “Akaniuliza habari za kazini. Nikamjibu huku nimemtazama usoni moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa kwenye mazoezi. Akasema, ‘Ramla, nimekukosea nini hata unikazie macho hivyo?’ Nikaanza kumweleza, akasema nimwache. Hajala chakula nilichompelekea. Mama, nikishusha macho nafukuzwa kazi, nisiposhusha baba hasemi nami. Bora mnifukuze tu.”

Eliwaza alimkalisha, akamchemshia maziwa, akamwambia asiseme upuuzi. Lakini maneno yale yalimkaa kichwani kama mbegu ya pera iliyonasa kwenye jino. Aliufungua tena mchoro. Jicho likinyakuliwa na kitu, mstari unaruka ghafla, kama mtu aliyegutushwa. Mstari wa Ramla haukuruka. Ulishuka kwa upole, ukatulia chini, ukakaa pale muda wote Mzee Hango alipokuwa anazungumza, kisha ukapanda. Hayo hayakuwa macho mepesi. Yalikuwa macho yanayojua yanachofanya, ila mwenyewe hakuyatuma.

Yametumwa na nani, basi? Eliwaza aliamua kwenda kumwombea Ramla siku kadhaa zaidi.

Mzee Hango hakuwa na hali nzuri. Alimsimamisha Eliwaza mbele ya meza yake na kuanza kumwaga yaliyomjaa moyoni. Alisema kuhusu jinsi kioo kilivyosafirishwa kutoka ng'ambo kwa miezi. Alisema kuhusu wageni watakaokuja. Alisema wahandisi wa siku hizi wanaamini mashine kuliko wanavyoamini macho yao wenyewe. Eliwaza alisimama, mikono nyuma, akiitikia “ndiyo Mzee, ndiyo Mzee,” na katikati ya yote hayo aligundua kwamba anaangalia viatu.

Viatu vya kahawia, vya ngozi. Cha kushoto kimekatika kamba, kimefungwa kwa kipande cha waya. Aliyajua yale mafundo ya waya. Alikuwa ameyaona mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake. Miaka yote aliyofanya kazi na mtu huyu, Eliwaza Ntandu, bingwa wa macho, angeweza kuvichora viatu vyake gizani, lakini macho ya Mzee Hango yana rangi gani, hakujua.

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

“Unacheka?” Mzee Hango alisimama. “Eliwaza, mimi nasema, wewe unacheka?”

“Nisamehe Mzee! Nisamehe sana.” Alikuwa bado anacheka, na machozi yanamtoka. “Ni viatu vyako, Mzee.”

“Viatu vyangu vina nini?”

“Havina kitu. Mimi ndiye nina kitu. Mzee, tafadhali, njoo nami uwanjani sasa hivi. Ukiona ninachokuonyesha na bado ukataka kumfukuza Ramla, utufukuze wote wawili.”

*

Waliwaita marubani wote. Kila mmoja alikalishwa kibandani na kupewa jitukono dogo la mafunzo lililoshika gunia la mbegu za alizeti. Hawakuambiwa lolote. Mzee Hango alikaa mbele ya kamera kwenye chumba cha pili, akasalimia kila mtu kama alivyosalimia siku zote.

Gunia la kwanza likadondoka. La pili likayumba, likaanguka. Rubani wa tatu alishusha macho akayadaka nusu ya safari, na gunia lake likabaki linaning'inia kwa kidole kimoja. Wa nne hakuwa na desturi ya kushusha, alikuwa na ya kutazama kando, na jitukono lake likabeba gunia hadi kwenye uzio na kulibamiza. Kulwa peke yake, kijana aliyelelewa na babu yake, wakitaniana kutwa, ndiye aliyemtazama Mzee usoni akatabasamu, na gunia lisitikisike. Ramla alikuja wa mwisho. Alisema shikamoo kwa sauti ya kulia, na mbegu zake zikamwagika chini zote.

Mbegu zilikuwa zimetapakaa uwanja mzima. Mzee Hango alitoka akasimama katikati yake, kofia mkononi.

“Kwa hiyo,” alisema polepole, “kioo nimekivunja mimi.”

“Hapana Mzee,” alisema Eliwaza. “Sura yako kwenye miwani niliiweka mimi, wiki hiyo hiyo. Nilidhani nawapendezesha. Kwenye kipimo changu niliwasha taa, nikaweka na nyoka, na sikumweka mkubwa wa mtu hata mmoja. Nimeunda mashine isiyojua adabu, kisha nikawalaumu wenye adabu. Mtoto amefundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa akizungumza, macho chini. Ndicho alichofanya. Mashine ikasikia ‘achia.’”

Mzee alikuwa mtu wa majivuno kidogo, tuseme ukweli, na jambo hili lilimwingia sana. Marubani walikuwa wamesimama mbele yake, wote wakitazama mbegu.

“Basi niondoeni humo,” alisema. “Sura, sauti, vyote. Sitawasalimia tena.”

Ramla ndiye aliyejibu, na alijibu akiwa bado ameinama. “Hapana Mzee. Usipotusalimia tutajuaje kwamba siku imeanza?”

Wenzake wakaguna kukubali. Eliwaza akamtazama yule binti, kisha akatazama kisoma-jicho kilichokuwa kiganjani mwake, na mtu yeyote anayemjua angekwambia kwamba hapo kichwa kilishaanza kazi.

“Si lazima tuwafundishe watu kuacha adabu,” alisema. “Tuifundishe mashine kuijua.”

Walifanya kazi hiyo siku mbili nzima, na ilikuwa kazi tamu. Eliwaza aliketi na rubani mmoja mmoja. Wa kushusha macho, wa kuyadaka, wa kutazama kando, kila mmoja alipimwa namna yake, na kisoma-jicho chake kikafunzwa namna hiyo na si nyingine. Zamani kifaa kilijua jicho moja tu, jicho la mtu wa kubuni asiye na baba wala mama. Sasa kilimjua Ramla. Kilijua kwamba akitaka kuachia mzigo, macho yake yanashuka haraka na kupanda papo hapo. Kilijua pia kwamba yakishuka kwa upole yakatulia, huyo yuko mbele ya mkubwa wake. Na Eliwaza akakifundisha la kufanya wakati huo: shikilia kwa nguvu zote, simama hapo ulipo, usifanye lolote mpaka mwenyewe atakapoinua macho.

“Yaani nalo linainama,” alisema Ramla alipoliona likisimama hivyo kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkosi, akacheka.

Mbele ya kamati, siku ya Ijumaa, Mzee Hango alisimama akasema sentensi chache. “Nilimwita binti huyu macho mepesi. Neno hilo nalirudisha mdomoni mwangu. Kioo cha mwisho ataweka yeye.”

Mjumbe mmoja aliuliza kama si afadhali kumpa Kulwa, asiyeshusha macho. Mzee alimkata jicho, mjumbe akapata kikohozi.

*

Siku ya kioo cha mwisho watu walijaa mpaka juu ya majabali. Baba yake Ramla alikuwepo, amevaa kanzu nyeupe na koti, amekaa mstari wa mbele. Walikuwa wameshazungumza. Eliwaza mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza, na mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kama mashine ile inaweza kuletwa nyumbani ikawafunze adabu wadogo zake Ramla.

Mzee Hango alimsalimia Ramla asubuhi, jitukono likiwa tupu, na akaahidi kufunga mdomo mpaka kazi iishe.

Kioo kikapanda. Ramla alikiinua juu ya jabali la kwanza, akakipitisha juu ya la pili, akakizungusha ili kielekee pengo lake. Pengo lilikuwa jembamba, na kioo kilitakiwa kuingia bila kugusa vioo jirani. Watu hawakupumua. Eliwaza alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio wake kama mtoto.

Upande wa ziwa, nyuma ya kibanda, mahali ambapo Ramla hakuweza kupaona, vumbi likaanza kujizungusha. Likanyanyuka, likanenepa, likawa chamchela kinachokuja mbio kuelekea majabali. Mzee Hango, aliyekuwa amepanda kileleni mwa majabali, ndiye pekee aliyekiona. Akikaa kimya, upepo utamkuta binti amenyoosha mkono na kioo kitapeperushwa kama karatasi. Akisema, sura yake itatokea ndani ya miwani. Na ndicho kioo cha mwisho, hakuna kingine popote.

Ahadi akaisahau.

“Ramla! Simama binti yangu, chamchela!”

Uso wake ukajaa miwani. Macho ya Ramla yakashuka.

Eliwaza alifumba yake. Alisubiri mlio ule, ule uliowarusha heroe. Haukuja. Alipofumbua, vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, watu wameshika kofia na kanga zao, na katikati ya vumbi lile jitukono lilikuwa limesimama tuli, limekumbatia kioo kiganjani, vidole vyote vimekaza. Chamchela kilipiga, kikavuma, kikarusha mchanga, na chuma kile hakikutikisika. Kilikuwa kinasubiri.

Upepo ukapita. Vumbi likaanza kutua.

“Tayari Mzee?” ilisikika sauti ya Ramla, ndogo, kwa adabu zote.

“Tayari binti yangu,” alisema Mzee Hango. “Endelea.”

Ramla akainua macho. Jitukono likaamka, likajinyoosha, likakipeleka kioo kwenye pengo lake na kukilaza pale kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Macho yakashuka haraka, yakapanda. Vidole vikaachia. Kioo kikakaa.

Bakuli lote likashika jua kwa pamoja.

Weee! Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka stesheni. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Baba yake Ramla alisimama juu ya kiti chake, kanzu na koti vile vile, akawa anapaza sauti kwamba yule ni mtoto wake, kwa yeyote ambaye hakuwa na habari. Eliwaza alilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Ramla alitoka kibandani, miwani mkononi. Umati ukampisha. Mzee Hango alikuwa anashuka kutoka kileleni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na watu wakanyamaza kidogo kusikia atakachosema. Alimfikia, akasimama mbele yake.

“Shikamoo Mzee,” alisema Ramla, na macho yake, kama kawaida, yakaenda kwenye viatu vya kahawia.

Mzee Hango alivua kofia akampa Eliwaza amshikie. Kisha, mbele ya kamati, mbele ya wageni na mji mzima, mkuu wa uwanja alianza kuchuchumaa. Magoti yalilia, akaguna, akajishikilia kwenye jabali, akaendelea kushuka mpaka uso wake ulipofika chini kabisa, palepale pembeni ya viatu, mahali macho ya yule msichana yalipokuwa yametua.

“Marahaba mwanangu,” alisema. “Haya, sasa tuonane.”

Ramla hakuwa na pa kuyapeleka macho. Alimtazama. Macho ya Mzee yalikuwa ya kahawia, yana machozi, na pembeni yana mikunjo ya mtu aliyecheka sana ujanani. Ramla akaangua kicheko, na Mzee naye akacheka huko huko chini, mpaka ikabidi waitwe watu wawili kumnyanyua.